Sanamu Iliyovaa Sweta la Naetwe

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa kikombe kuvunjika.

Naetwe alikuwa anaosha vyombo vya mchana. Kikombe cha bluu kilimponyoka, kikagonga ukingo wa karo, kikaanguka sakafuni vipande vipande. Mumewe, Mzee Mzava, akainuka kutafuta ufagio.

"Mpimaji, usikanyage," Naetwe alimwambia. Alipenda kumwita hivyo, kwa kuwa mumewe alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, na hata sasa hakuweza kupita penye ua bila kuukagua kama umenyooka. "Na usivitupe hivyo vigae. Ni vyangu."

"Kikombe chenyewe kimekufa."

"Ndiyo maana ni vyangu. Kimemaliza kazi."

Mzee aliokota vigae akavitia mfukoni mwa koti, kwa kuwa hakuona pengine pa kuviweka. Naetwe akajifuta mikono, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya kupika cha jioni. Alijinyoosha. Hakuamka.

Hadithi hii nimeipokea, nami naipitisha bila kuipamba. Ukiimaliza, mpe mtu mmoja tu: yule unayemjua ambaye nyumbani kwake kuna kabati lisilofunguliwa.

Nyumba yao ilikuwa katika mji mdogo wa milimani, upande ule ambako ukungu hushuka mchana na kukaa hadi unapotaka wenyewe. Watu waliijua kwa bustani. Kila kilichokuwa humo kilikuwa kimetupwa na mtu mwingine. Matairi yalikatwa yakawa mabata yenye shingo ndefu, na migongoni mwao yakaota maua. Vizibo vya soda vilitungwa vikawa pazia la mlango. Ringi za baiskeli zilipanda ukutani zikiwa zimebeba mimea ya kutambaa. Na chini ya paa la baraza vilining'inia vijiko vilivyopinda, vikigongana kila upepo ulipopita.

Naetwe alikuwa na sharti moja. Kila kitu kilicholetwa kwake alikiuliza kwa sauti, kama mtu anavyomjulia mgeni hali: "Umemaliza kazi?"

Sufuria iliyotoboka aliifanya chungu cha maua. Sufuria iliyokosa mkono tu aliirudisha kwa mwenyewe. "Hii bado inapika wali. Nenda kapike." Siku moja mama mmoja alimletea viatu vya mwanawe, akitaka vipandwe maua kama alivyoona kwenye picha. Naetwe aliviinua, akatazama soli. "Hivi bado vinatembea," akasema, na jioni mtoto wa nyumba ya pili alionekana amevivaa. Watu walicheka, lakini walimheshimu kwa hilo. Hakuna kitu kizima kilichogeuzwa pambo katika bustani ile.

Kwao, matanga yakiisha, nguo za marehemu hutolewa kabatini, huanikwa juani na kugawiwa. Dada huchukua kitenge, shangazi kanga, rafiki kilemba. Hakuna anayeshangaa kukutana na gauni la marehemu sokoni likiwa limebeba ndizi. Ndivyo inavyotakiwa.

Basi Kunda, mdogo wake Naetwe, alikuja na kapu.

"Shemeji, nimekuja tufungue kabati."

"Bado."

"Haya, bado. Lakini mama ameomba kitu kimoja tu. Lile sweta la kahawia. Baridi inakuja, na anasema anataka lile, hataki jingine."

Mama huyo alikuwa mama yao mzazi, mkwe wa Mzee Mzava, bibi kizee aliyeishi peke yake kilimani, mahali penye baridi kuliko pote katika mji ule.

"Mwambie nitampelekea," Mzee alisema.

Kunda aliondoka na kapu tupu. Mzee akafungua kabati, akatoa lile sweta, akalishika kwa mikono miwili. Hakulipeleka kilimani. Alikwenda nalo nyuma ya nyumba, kwenye rundo la vitu vya Naetwe vilivyokuwa vinasubiri zamu yao.

Alikuwa mtu wa vipimo. Ukutani barazani, nyuma ya benchi ambako Naetwe alizoea kukaa akitunga vizibo, palikuwa na doa lililong'aa, pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Mzee alipima kutoka kwenye benchi hadi kwenye doa, na huo ukawa urefu wa kiwiliwili. Kwa waya wa banda la kuku alitengeneza mabega. Kwa magunia na sufi aliyajaza. Kichwa kilikuwa kibuyu, na juu ya kibuyu alifunga kilemba cha mkewe kwa fundo la mkewe mwenyewe, alilokuwa amelitazama miaka yote ya ndoa bila kujua kwamba analijifunza. Akaivisha gauni, akaivisha sweta, akaiketisha kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

Uso hakuuweka. Alijaribu mara moja kwa mkaa, akaufuta.

Aliporudi nyuma kutazama, hakuona kosa lolote. Kila kitu kilikuwa sawasawa kwa kipimo. Lilikuwa pambo kama mapambo mengine, alijiambia, na limetengenezwa kwa vitu vya nyumba hii hii.

Jambo ambalo hakuliuliza ni lile ambalo mkewe asingeacha kuuliza.

Ukungu wa kwanza uliposhuka, wapita njia walianza kuisalimia.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema nje ya ua, kisha hatua zikasita, kisha zikakimbia. Wengine hawakukimbia, kwa kuwa hawakujua. Mmoja alipunga mkono, akaendelea na safari yake ameridhika.

Kichwa kile hakikutulia. Ukungu ulipokuwa mzito, kitambaa kililowa na shingo ya waya ikainama, na sanamu ikawa kama mtu anayeshona. Jua lilipotoka, kilemba kilikauka na kichwa kikainuka polepole, kama mtu aliyeitwa. Mzee alielewa vizuri sababu yake. Hata hivyo, kila kilipoinuka, alijikuta amesema, "Naam?"

Asubuhi moja alikuwa jikoni akisubiri maji yachemke, akasikia mtu anazungumza na mkewe.

"Naetwe, mwanangu, hujambo? Nimerudi, ila macho ndiyo yamegoma kabisa."

Alikuwa Bi Sauda, jirani wa ng'ambo ya njia. Alikuwa ameshuka bondeni kwa binti yake kutibiwa mtoto wa jicho, na msiba ulipita yeye akiwa huko. Hakuna aliyekuwa bado amepata moyo wa kumwambia.

Kimya kidogo. Kisha Bi Sauda akacheka.

"Ee, wamemtunza ng'ombe niliyewaachia, lakini wamemkondesha. Mbavu unaweza kuzipiga kama marimba! Eti nini?" Kimya tena, kirefu zaidi. "Haya, nitamwambia."

Mzee alitoka na birika mkononi. Bi Sauda alikuwa amesimama nje ya ua, uso umeelekea benchi.

"Baba, mkeo leo sauti imemkauka. Mtengenezee tangawizi."

Mzee alitaka kumwambia. Maneno alikuwa nayo, ni machache na yanajulikana. Badala yake akauliza, "Amesema nini?"

"Anauliza vigae vyake umeviweka wapi."

Mkono wa Mzee ulikwenda mfukoni mwa koti wenyewe. Vilikuwepo.

Inawezekana Bi Sauda alijijibu mwenyewe, kama wanavyofanya watu waliozoea kuishi peke yao. Na Naetwe, maisha yake yote, hakukosa kuulizia vigae. Lakini habari za kikombe cha bluu walizijua watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amezikwa.

"Nitamtengenezea tangawizi," Mzee alijibu.

Akarudi jikoni akatengeneza. Alimimina vikombe viwili.

Tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye benchi. Mwanzoni ilikuwa wakati wa chai tu, baadaye hadi mchana, kisha akawa hana mahali pengine pa kukaa. Alivaa koti lile lile. Bega lake liliegemea bega la sweta, mikono yake juu ya magoti. Hakuongea, maana hakukuwa na haja. Vijiko juu yake viligongana, na nyakati nyingine viligongana wakati majani ya mgomba hayatikisiki. Buibui akafunga uzi kutoka kilemba cha sanamu hadi kwenye ukosi wa koti lake, na Mzee hakuukata. Ndege mdogo alitua gotini pake akajisafisha mbawa, akaruka alipotaka.

Majirani, ambao zamani walisimama uani kuomba miche, sasa walipita upande wa pili wa njia.

Kunda alikuja mara ya pili, wakati ambapo baridi ilikuwa imeshika kweli. Alifungua geti, akafika katikati ya bustani, akasimama. Alikuwa ameyaona mabega ya dada yake mara nyingi mno maishani asiweze kuyakosea. Akafunika mdomo kwa kanga. Kisha akasogea, akaona kibuyu, na hofu ikageuka hasira.

"Shemeji! Mama analala na gunia begani, na sweta limevaliwa na kibuyu!"

"Usimwite kibuyu."

"Nakiita kibuyu kwa sababu ni kibuyu! Nimvalishe mama gunia lingine? Niambie. Anakohoa usiku kucha, na kila nikipanda anauliza, mkwe wangu hajaja? Mimi nimechoka kumdanganya."

"Nitalipeleka."

"Hulipeleki. Mimi nalivua sasa hivi."

Akainama, akaishika sanamu mkono, juu ya kiwiko, ili afungue vifungo. Akauachia kama mtu aliyeshika chungu kilicho motoni.

"Lina joto," alisema kwa sauti ndogo.

Lilikuwa na joto, naam. Mzee alikuwa ameliegemea tangu alfajiri. Lakini Kunda hakungoja maelezo, na Mzee hakuyatoa. Alisikia geti likigonga, kisha kanga ya shemeji yake ikapotea katika ukungu. Akarudi kuegemea. Alitambua kwamba alikuwa amefurahi Kunda kuogopa, kwa maana sasa hatarudi kulichukua. Alilitambua hilo waziwazi, akaendelea kukaa.

Mama mmoja wa mjini alikuwa anafungua nyumba ya wageni huko chini barabarani, na mtu alimwambia kwamba juu huku kuna bustani ya mapambo yaliyotengenezwa kwa mikono. Hakuambiwa kwamba mwenye mikono amekufa. Alipanda na pikapu na dereva, mchana wenye ukungu mzito. Walipiga hodi, hawakujibiwa, wakaingia.

Mzee aliwasikia tangu getini. Alikusudia kuinuka.

"Mama, ona hao mabata!"

"Nimewaona. Wewe angalia pale barazani."

Hatua zikakaribia. Zikasimama mbele ya benchi.

"Mungu wangu, ni wazuri," mama yule alisema. "Mume na mke."

"Huyu mama hana uso," dereva alisema. "Hajaisha huyu."

"Huyo hana uso, lakini mzee! Tazama huyu mzee."

"Mzee kanishinda. Ona kucha. Mpaka nywele za masikioni wamempandikiza!"

"Na macho. Sijui wameyapaka nini, yanang'aa kama yana maji."

Mzee alifungua mdomo aseme karibuni. Mdomo haukufunguka. Hakuwa ameutumia tangu siku ya Kunda, na baridi ilikuwa imeukaza. Akataka kuinua mkono. Akaitazama mikono yake: ilikuwa juu ya magoti, kama ya sanamu. Akajaribu kukumbuka nani alimwiga nani, yeye kuikalisha sanamu kama anavyokaa, au yeye kukaa kama alivyoikalisha. Hakuweza kukumbuka.

Mama yule akainama, akapitisha vidole kwenye mkono wa koti. Uzi wa buibui ukakatika. Akatia mkono mfukoni, akatoa kigae cha bluu.

"Vigae? Mbona wamemtia vigae?"

"Labda ndivyo alivyojazwa ndani," dereva alisema. "Ngoja nimgonge."

Akamgonga kifuani, taratibu, kama mtu anayechagua tikiti.

"Mtupu huyu," alisema.

"Vizuri, hatakuwa mzito. Tuwachukue wote wawili, tutakayemkuta ndani tutaelewana naye bei. Nitawaweka mlangoni wawapokee wageni. Wasitenganishwe."

Dereva alianza na sanamu. Aliisukuma kidogo ili apate pa kushika, na kichwa cha kibuyu kikageuka. Kisha akabadili mawazo, akampitishia Mzee mikono makwapani, akamwinua kutoka kwenye benchi.

"Mwepesi!" alisema kwa mshangao.

Hapo juu, miguu ikining'inia, Mzee Mzava alisikia swali. Hakusema baadaye kama lilitoka nje yake au ndani yake. Lilikuwa na sauti ya mtu anayekijulia kitu hali kabla ya kukikata: Umemaliza kazi?

Mdomo ukafunguka.

"Bado," alisema. "Sijamaliza kazi."

Dereva alimwachia. Yule mama alipiga ukelele ambao Bi Sauda aliusikia ng'ambo ya njia. Walitoka getini wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo upana wa geti lile haukuliruhusu, na pikapu ikashuka kilima bila taa katika ukungu. Kilichobaki njiani ni ndala moja ya dereva, na karibu na benchi kigae kimoja cha bluu.

Mzee alikaa chini pale alipoangukia. Magoti yalimuuma, na yalipomuuma alifurahi. Alitazama juu. Kilemba cha sanamu kilikuwa kimeteleza, na kichwa, ambacho siku zote kilielekea njiani, sasa kilielekea kando, juu, upande wa kilimani kwa mama yake Naetwe. Dereva ndiye aliyekigeuza. Mzee aliona akikigeuza. Hata hivyo, hakukirudisha.

Asubuhi iliyofuata alifungua vifungo vya sweta, akianzia cha chini, kama alivyokuwa akifanya mwenye sweta. Alilikung'uta, akalikunja. Aliivua sanamu gauni na kilemba. Akafungua kabati, akatoa nguo zote akazianika juu ya ua, ili kila anayepita aone na ajue siku imefika. Sufi aliitia kwenye mto, na waya akaurudisha kwenye banda la kuku. Kibuyu alikigonga, akakitazama ndani, akakining'iniza jikoni kiwe cha kuchotea maji. Ndala ya dereva aliitundika getini, kwa kuwa ilikuwa nzima na mwenyewe angeihitaji.

Alivuka njia akamwambia Bi Sauda, kwa maneno yale machache yanayojulikana. Bi Sauda alilia, kisha akamshika mkono akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejifanya sijui."

Kisha Mzee akapanda kilimani.

Mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni, gunia begani, na Kunda alikuwa nyuma anachochea moto. Mzee hakumtazama usoni, kama inavyompasa mkwe. Alisimama kando, akaliweka sweta juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua, akasalimu.

Bibi alivua gunia. Alilivaa sweta polepole, mkono mmoja, kisha mwingine. Akafunika mdomo na pua kwa ukosi wake, akakaa hivyo muda.

"Lina joto," alisema.

Kunda aligeuka kutoka motoni.

"Mkwe," bibi alisema hatimaye, "umekuja na ile kamba yako ya kupimia? Huyu jirani wa hapa chini, kila nikilala, ua wake unasogea."

"Sikuja nayo, mama. Lakini ya kufungia ng'ombe inatosha."

Kunda akashika ncha moja ya kamba, Mzee akashika nyingine. Walipopata mstari, alichimba kwa kijiti mahali pa kila alama. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa vigae vya bluu, akavifukia nusu, nusu akaviacha nje vikilitazama jua, viwe mpaka na viwe pambo.

Funzo: Pambo hutengenezwa kwa kilichomaliza kazi. Nguo ya marehemu bado inasubiriwa na mwenye baridi, na aliyefiwa bado anasubiriwa na walio hai. Usifanye sanamu ya kimojawapo.